Mbuzi ya Dada Raya Ngomeni Maskati

Shoga zangu, tangu nirudi kila anayepita mlangoni ananiuliza, "Bi Zuwena, Maskati kulikwendaje?" Na kila mmoja nimempa kipande chake, huyu mwanzo, yule mwisho, mpaka nasikia Bi Mwanakhamis anawaambia watu ati nilifungwa. Sikufungwa. Nilikalishwa kitini tu, tena kiti kizuri kuliko changu. Basi nimechukua daftari la mjukuu wangu naandika yote kwa mkupuo mmoja, mpokezane. Skuli mnajua niliishia darasa la nne nikaozwa, kwa hivyo herufi zilizolala upande zisomeni hivyo hivyo zimelala.

Na nnakwambieni mapema, hasira zangu hazijesha.

UNGUJA MPAKA UWANJA WA MASKATI

Aliyeniita ni dada yangu Raya. Yeye ndiye mkubwa na miye ndiye kitinda mimba, waliokuwa kati yetu wote wametangulia. Raya aliolewa Maskati miye bado nacheza nage uwanjani, na huko ndiko alikozalia na kuzeekea. Miaka hii ya karibuni macho yamemzima yote mawili. Siku moja akanipigia simu, hata salamu hakuimaliza.

"Zuwena, njoo. Na nazi ulete. Hawa wananificha kitu humu ndani."

"Kitu gani, dada?"

"Njoo nnakwambia."

Raya akisema njoo, mtu huenda. Nikafungasha nazi kumi za kukomaa nimezifua mwenyewe, na achari ya embe, na mikate ya ufuta nimeifunga kwa gazeti na juu yake kanga. Uwanjani kwetu ndege ikachelewa tangu asubuhi mpaka usiku, na hakuna aliyetwambia kwa nini. Palikuwa na bwana mmoja wa Pemba anayekwenda kumuona mwanawe, njaa ikamuuma, nikampa mkate mmoja, akataka wa pili, nikampa, wa tatu nikamwambia, "Bwana, mwanao nae atakula nini kwangu?" Akacheka, lakini mkono haukurudi nyuma.

Tulipofika Maskati ilikuwa kumekucha. Bwana wa forodha akafungua mzigo wangu, akaitoa nazi, akaitikisa sikioni kama anasikiliza mtoto tumboni. Akaita mwenziwe, nae akaitikisa. Mwenziwe akanigeukia, akasema Kiswahili kizuri kama mtu wa Mkunazini kwetu Unguja:

"Bibi, hizi hazipiti. Nazi zipo huku huku."

"Za wapi?"

"Za India."

"Basi hazipo," nikamwambia.

Achari ilipita. Nazi zangu kumi zilibaki pale mezani zimepangwa mstari, na miye nikatoka nimekasirika hata kabla sijaiona Maskati.

AL KHOUDH, NYUMBANI KWA KHALFAN

Khalfan ni mtoto wa Raya, mkubwa serikalini, ana nyumba Al Khoudh yenye nguzo mbele kama benki. Ndani baridi ya mashine, samaki angekaa wiki. Ananiita khaloo, kwa kuwa miye ni mdogo wa mama yake, na akanibusu kichwa vizuri, adabu anazo, sitaki kumdhulumu. Yatakuja ya kumsema.

Raya alikuwa kakaa kitandani. Akanipapasa uso, pua, mashavu, akasema, "Umekonda." Halafu, "Nazi?"

"Wamezichukua."

"Alaa!"

Mchana tukaletewa wali. Raya alitia tonge moja mdomoni, akalitoa, akaliweka pembeni ya sahani. "Onja," akanambia. Nikaonja. Wali umetiwa nazi ya unga, ile ya pakti. Kama mtu kapika na kupangusa ubao wa skuli juu yake.

"Sasa sikiliza," akasema pole pole, maana Khalfan alikuwa chumba cha pili. "Mbuzi yangu haipo. Ati ipo kwa fundi. Huu mwezi wa nane. Fundi gani anatengeneza mbuzi miezi minane? Anaitengeneza mguu au anaifundisha kusoma?"

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wajukuu watakaolisoma daftari hili, maana wao wamezaliwa na mashine. Mbuzi ya nazi ni ubao wa kukunja, ukiukunjua unasimama kwa miguu yake, unaukalia, na mbele umetoka ulimi wa chuma wenye meno kichwani. Unashika kizio, nusu ya nazi, kwa mikono miwili, unakizungusha kwenye meno, nazi inashuka kwenye sinia. Hino ilikuwa ya mama yetu. Mama aliikalia miaka na miaka, na Raya alipoolewa akampa, akasafiri nayo. Ubao ule umeliwa katikati, umefanya bonde la makalio ya mama na ya Raya. Pembeni pana alama nyeusi, kaa la moto liliangukia siku ya arusi ya Raya mwenyewe.

Na tangu macho yalipomzima, hiyo ndiyo kazi iliyombakia. Kupika hapiki, atajiunguza. Kushona hashoni. Lakini kila Ijumaa alikuwa akiwekewa mbuzi yake na sinia, anakuna nazi za nyumba nzima. Kukuna hakutaki macho. Wajukuu wanakaa mbele yake wanadokoa. Siku hiyo moja Raya alikuwa mwenye nyumba. Sasa miezi minane anakaa kitandani, Ijumaa na Jumatatu zote sawa.

Nikamuuliza Khalfan waziwazi. "Mwanangu, mbuzi ya mama yako iko wapi?"

"Kwa fundi, khaloo," akasema, huku anaiangalia saa yake.

Jikoni kulikuwa na dada wa kazi, Neema, Mkristo wa Muheza, mcheshi sana. Aliposikia nnauliza habari ya mbuzi akafunga mlango wa jiko.

"Bibi, nikisema nitarudishwa kwetu na mzigo wangu kichwani."

"Sema, nitakubeba miye."

"Iko ngomeni."

"Ngome gani tena?"

"Wameitengeneza ngome ya zamani, sasa ni makumbusho. Watoto walikwenda na shule nikawasindikiza. Jamani, si nikaiona! Imewekwa juu ya zulia, imezungushiwa kamba, inamulikwa taa. Kama bibi harusi, bibi. Mimi nikasema hii si mbuzi yetu hii? Watoto wakasema nyamaza, dada Neema."

Raya sikumwambia. Nilimwambia nnakwenda kununua nazi. Nazo nilikwenda kununua kweli.

MAWALEH, NA NGOME ISIYOKUWA YENYEWE

Neema aliita teksi kwa simu yake, ikaja na mzee mmoja wa Kiarabu mpole, redio anazungumza nayo kama mke. Kwanza Mawaleh, kwenye duka la matunda. Muuzaji alikuwa Mbangali. Neema alikuwa anabishana na dereva wapi pa kusimama, kwa hivyo miye nikaingia peke yangu. Nikamwonyesha kwa mikono: duara, hivi. Akaniletea dafu limetiwa mrija. Nikakataa, nikamwonyesha kukuna, nikazungusha mikono mbele ya tumbo. Akafikiri, akaenda, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi, akajisugua goti kunionyesha yanavyofanya kazi. Bwana yule aliniona kikongwe wa magoti, na si uwongo, lakini si hayo niliyofuata. Neema akaja akacheka mpaka akashika rafu. Tukapata nazi mbili, kavu, si mbaya. Nilizitikisa sikioni miye pia, haki nnayo.

Dereva akatupeleka ngomeni. Ngome siyo. Milango imefungwa, hakuna mtu, paka tu. Akasema kwani tulitaka ngome, hino ni ngome. Maskati ngome ni kama misikiti kwetu, kila ukigeuka moja. Neema akampigia simu mwenziwe anayefanya kazi nyumba ya jirani, wakaulizana, wakaelekezana, jua linapanda, na dereva yule akatugawia tende zake na maji ya baridi. Huyo namshukuru. Safari nzima ni yeye pekee ambaye hakunitia hasira.

NGOMENI

Ngome yenyewe sitaitaja jina, iko juu ya kilima upande wa milimani. Neema alinambia ina umri mrefu sana, waliijenga wazee wa mwanzo wa pale wajilinde. Sasa miye nyumba ya zamani naijua, nimezaliwa Mji Mkongwe. Nyumba ya zamani ina mikunjo. Hino wameipaka lipu mpaka imekuwa laini kama keki ya arusi. Ngazi zina taa chini. Chumba walichokuwa wakifunga watu kina kiyoyozi! Nikamwambia Neema, hapa mfungwa angeomba aongezewe miaka.

Tukapita chumba cha bunduki, chumba cha mitungi, tukafika chumba cha vitu vya majumbani. Ikawa imekaa pale. Juu ya zulia jekundu, kamba mbele, taa juu. Niliijua kabla sijaikaribia, kama unavyomjua mtu kwa mwendo. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua sikukijua nini. Inang'aa. Imekuwa rangi ya asali.

"Nisomee hicho kibao," nikamwambia Neema.

Akasoma ya Kizungu kimoyomoyo, akaziba mdomo.

"Soma, mwanangu."

"Bibi, kimeandikwa tandiko la mtoto la kupandia ngamia."

"La nini?"

"Ngamia. 'Lilitumiwa na familia za ngome hii kizazi baada ya kizazi. Chuma cha mbele ni cha kufungia kamba ya hatamu.' Halafu wameandika hidaya ya nani. Jina la bosi."

"Khalfan?"

"Khalfan."

Shoga zangu, mama yangu hakumuona ngamia wa kumpanda maisha yake yote. Aliikalia mbuzi ile akakuna nazi za kulea watoto saba, na leo watu wanapita mbele yake wanatikisa vichwa, wanasema mtoto wa Kiarabu alipanda ngamia. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikainua kamba, nikapita chini yake. Magoti yalilia lakini yalipita.

"Bibi! Bibi, khalas, basi, watatuitia polisi!"

"Vunja nazi."

"Hapa?"

"Kwani nazi inavunjwa wapi? Hapo kizingitini."

Neema ni mtoto wa Muheza, mkono ulimshinda akili. Akaigonga nazi kizingitini pigo moja, maji yakamwagika sakafuni, akanipa kizio. Miye nimeshakaa. Kundi la Wazungu wa meli lilikuwa limeingia, wakaona ndiyo mambo ya hapo, wakatoa simu zao. Nikashika kizio, nikakiweka kwenye meno, nikazungusha.

Kikateleza.

Nikabana, nikazungusha tena. Kikateleza kama nnakuna mgongo wa sufuria. Nikapitisha kidole. Meno hakuna. Wameyakata yote, wameyapiga msasa, kichwa cha chuma mviringo laini kama kijiko. Hapo ndipo nikatambua kile kitu kilichokuwa kinanisumbua, maana nilikuwa nimeikalia na sijatulia. Bonde halipo. Ubao wameuranda, sawasawa, wakaupaka vanishi. Nikatafuta alama ya kaa. Haipo.

Nilikaa pale nimeshika nusu ya nazi, nikalia mbele ya Wazungu. Wakapiga picha na hilo.

DUKANI, NILIPOKALISHWA

Askari alikuja, lakini hakunishika, alikuwa anaogopa nisife mikononi mwake. Wakanipeleka kwenye duka lao la makumbusho, nikapewa kiti, kahawa na tende. Hapo ndipo Bi Mwanakhamis alipopata kufungwa kwangu.

Basi nageuza macho dukani, ubani, manukato, vikombe, na kwenye rafu ya katikati naona mbuzi. Ndogo ndogo, za ukubwa wa kiganja, zimetiwa shada za rangi pembeni, zimepangwa safu nzima. Tandiko la ngamia la zawadi. Hazina hata chuma. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa kashika mbili, anachagua rangi ya shada.

Akaja binti wa makamo, ndiye msimamizi wa vitu vya pale, jina lake Ibtisam. Akaamkia, "Shikamoo, bibi." Kwa Kiswahili!

"Marahaba. Umejifunza wapi?"

"Bibi yangu kazaliwa Wete. Yeye ndiye aliyenilea."

"Wete! Basi mbuzi ya nazi huijui?"

Akatazama chini. Akafunga mlango wa duka kidogo.

"Naijua, bibi. Niliijua siku ile ile ilipoletwa. Kwetu ipo moja, chini ya kitanda cha bibi."

"Na ukaandika ngamia?"

"Ustadhi Khalfan ndiye aliyesema ngamia. Mtu mkubwa kaleta kitu cha nyumbani kwao, kasema ni cha babu yake, nimwambie muongo? Na wangeniuliza, umejuaje? Ningesema bibi yangu alikuwa anakalia vitu hivyo Pemba? Hapa wenzangu wote wanaleta panga za mababu."

"Na meno? Nani alikata meno?"

"Watu wa karakana. Walisema watoto watajikata. Walikuwa wanaitunza."

"Mwanangu, wameitunza mpaka imekufa."

Binti yule machozi yakamlenga. Sikumuonea huruma sana wakati ule. Sasa namuonea kidogo.

Akampigia simu Khalfan. Alikuja na kilemba chake na kanzu nyeupe pee, anapita baina ya zile mbuzi ndogo ndogo, hana pa kuangalia. Nikamwambia akae. Akakaa.

"Khalfan. Nani alimpanda ngamia kwetu?"

"Khaloo, tuondoke tukazungumze nyumbani."

"Tutazungumza hapa hapa, kwenye duka lako la ngamia."

Akaiokota mbuzi moja ndogo rafuni, akairudisha. Halafu akasema, sauti imemshuka, "Watu wa makumbusho walikuja mtaani wakaomba kila familia ilete kitu cha wazee. Jirani kaleta jambia la babu wa babu yake. Yule mwengine kaleta mlango. Mimi nikaenda chumba cha mama nikatafuta. Sisi wazee wetu walirudi toka Zanzibar na nini? Kulikuwa na hiyo tu. Wenyewe wananitazama. Wakaniuliza, ni kitu gani? Nikaona nikisema cha kukunia nazi, watasema enhe, hawa ni wale wa Zanzibar."

"Na si wa Zanzibar?"

"Ni wa hapa, khaloo."

"Hapa na Zanzibar. Mama yako kakukunia nazi humu humu Maskati mpaka umeota ndevu. Hiyo si ya hapa?"

Neema alikuwa pembeni, akasema kwa pole pole lakini kila mtu kasikia, "Bosi, mimi ngamia wa kutosha kwenye kale katandiko sijamuona. Labda kondoo." Ibtisam akacheka kwa bahati mbaya, akajikohoza. Khalfan alimtazama Neema, na miye nikamtazama Khalfan, akaacha kumtazama Neema.

Mambo ya kuitoa daftarini mwao na kutia sahihi siyaelezi, yalichukua muda mrefu kuliko ndege yetu. Ibtisam alisema katika daftari lao kuna tandiko, mbuzi ya nazi haimo, na kitu kisichokuwamo mtu hawezi kukizuia. Akaifunga kwa karatasi mwenyewe. Kile kibao cha tandiko akakitia mkobani mwake.

KURUDI KWA RAYA

Khalfan akatupakia garini mwake. Mbuzi nimeipakata miye.

Raya alikuwa amekaa palepale. Akasikia nyayo za watu watatu, akajua. "Mmeileta," akasema, na akainyoosha mikono yote miwili. Nikaifungua karatasi, nikamuwekea miguuni.

Akapapasa miguu ya ubao, akatikisa kichwa ndiyo. Mkono ukapanda, kiganja kikafika katikati. Kikasimama. Kikaenda, kikarudi. Akatafuta pembeni penye alama ya kaa. Akaenda mbele, kidole kwenye chuma.

"Siyo hii," akasema. "Wamekubadilishia, Zuwena. Rudi kaichukue yangu."

Khalfan alikuwa mlangoni. Nilimuona anaomba kwa macho ninyamaze, nimwache mama yake aamini kwamba ya kweli iko huko huko ngomeni, nzima, inamulikwa taa. Na wallahi nilifikiri. Ingekuwa rahisi. Lakini yule anamficha, huyu anamficha, kwa sababu tu haoni, na ndilo hilo aliloniitia kutoka Unguja.

"Ndiyo hii, dada," nikamwambia. "Mwanao kaipeleka makumbusho, wakairanda." Nikamwambia yote, na ngamia. Sikuacha kitu.

Kiganja chake kikabaki pale pale lilipokuwa bonde. Nikadhani atalia. Raya halii.

"Khalfan."

"Labeka, mama."

"Una tupa nyumbani? Tupa ya chuma."

"Ipo garini, mama."

"Kailete. Vua kilemba, kaa chini hapa mbele yangu. Uyachonge meno."

"Mama, nitaita fundi, kesho tu..."

"Fundi kakaa nayo miezi minane. Kaa chini."

Akakaa chini, kanzu yake nyeupe pee, akaibana mbuzi ya bibi yake baina ya magoti, akaanza. Kriii, kriii, nyumba nzima inasikia. Wajukuu wakaja mlangoni kumtazama baba yao. Kila akimaliza jino anauinua ulimi wa chuma, Raya anaupitisha kidole gumba pole pole, kama anayesoma.

Nilikaa kwao wiki mbili. Kila alasiri akirudi kazini alivua kilemba akakaa pale pale. Siku ninayoondoka, mizigo yangu iko mlangoni, nikaingia kumuaga dada yangu. Khalfan alikuwa kafika jino la kumi na moja, vidole vimemvimba, unga wa chuma umemjaa mapajani. Akamnyooshea mama yake. Raya akapitisha kidole, akalirudia lile la mwisho, akamrudishia.

"Bado," akasema.